Hesabu ya Nane

Bibi Nyamizi aliitazama picha yake, akaiweka mezani kifudifudi, akauliza ni nani aliyempa Matika, mpiga picha wetu, habari za kifo chake.

"Hujafa, bibi. Ni hii mashine mpya, ndiyo inatoa hivyo."

"Mjukuu wangu, nina macho. Kila kunyanzi liko hapa. Hata chunjua ya shingoni iko hapa. Mtu anayepumua anaonekana hivi?"

Nyuma ya pazia alicheka Ndahani, mdogo wake Matika, aliyepita studio kunywa chai kabla ya kwenda zamu. "Bibi, umependeza mno. Tukuzike leo, au tusubiri wanao wafike?"

"Wewe mtoto utalaaniwa," alisema bibi, lakini alikuwa ameshaanza kutabasamu. "Matika, nipige upya kwa ile ya zamani. Nataka picha ya mtu aliye hai."

Mtu wa nje angeona huo ni ushamba. Aje aishi huku kwanza. Paa lilijengwa juu ya Manyoni baada ya miaka ile ambayo ng'ombe walikuwa wanakufa wamesimama, na tangu hapo jua linalotufikia ni makombo. Taa nazo tunapimiwa, kwa sababu kila taa ni joto, na kila joto lazima lipozwe na mtu. Basi tunashinda katika mwanga wa alfajiri isiyokwisha. Ndani ya mwanga huo kamera lazima ifumbue jicho muda mrefu ndipo ione kitu. Kamera ya Matika ilikuwa na taa ndogo nyekundu juu ya lenzi, inamweka mara nane, yaani inawaka na kuzima, na katika nane hizo unashika pumzi, unaweka mikono magotini, unaitazama taa. Hata ujitahidi vipi, moyo unadunda, kope zinacheza, na picha inatoka na ukungu kidogo kuzunguka mashavu. Ukipunga mkono, mkono hauonekani kabisa. Ukipita nyuma ya wenzako, hukuwepo.

Wanaotoka safi bila ukungu ni maiti peke yao, kwa sababu ndio wasiotikisika. Na sisi maiti wetu wanapelekwa kuzikwa nje ya Paa siku hiyohiyo, kwenye jua ambalo ndugu hawawezi kulifuata. Kinachobaki kwetu ni picha ya mwisho, safi, ukutani. Hilo ndilo kaburi tunalolijua. Kwa hiyo ukiingia nyumba yoyote huku huulizi nani amefariki. Unatazama kuta.

Watoto ndio wagumu kupiga, maana hawatulii. Mama hukaa nyuma ya kiti, anafunikwa khanga kama sehemu ya kiti, na mikono yake inashika kichwa cha mtoto kwa nyuma asitikisike. Mama yake Matika alimshika hivyo Ndahani tangu akiwa na meno mawili, kwa sababu dada mtu alikuwa anajifunza kazi na alihitaji wa kumjaribia. Kufikia miaka sita Ndahani hakuhitaji kushikwa. Ukiwasha taa nyekundu alikuwa anaganda popote alipo, hata na tonge mkononi. Mtaa mzima ulikuja kumwona.

"Kaa vizuri, bibi," alisema Matika, akaiweka kando mashine mpya na kuvuta kamera ya zamani kwenye miguu yake mitatu. "Mikono magotini. Shika pumzi."

Taa ikamweka. Nyuma ya bibi, Ndahani naye aliganda, kikombe kimeishia hewani, mpaka ilipozima.

"Na wewe ulikuwa unapigwa?" Matika alimwuliza.

"Mazoea, dada." Alimalizia chai yake, akavaa helmeti, akaenda kazini kwenye Koo la Tatu.

*

Hiyo mashine mpya iliitwa Mnyakuo. Mamlaka ya Paa ndiyo iliyowagawia wapiga picha wote, na aliyewaletea alikuwa Mhandisi Evarist Msokwa, mkuu wa usalama, mtu mpole mwenye sauti ya chini, aliyezaliwa na kukulia mitaa yetu. Aliwaeleza vizuri. Ndani ya Mnyakuo kuna kibamba kinachopozwa mpaka joto lake lenyewe lisiweze kukidanganya, na kibamba hicho kinahesabu kila chembe ya mwanga inayokiangukia. Kwa kufumba na kufumbua kinapiga picha mia moja nyepesi, halafu kinazipanga moja juu ya nyingine, jicho juu ya jicho, pua juu ya pua, hadi sura ijae. Hakuna kuhesabu wala kushika pumzi. Ndiyo maana haikuwekwa taa nyekundu.

Wataalamu walioitengeneza waliishi mahali penye jua. Kwao picha safi ni picha nzuri, basi. Hakuna aliyewaambia kwetu inamaanisha nini, na Msokwa, ambaye angeweza kuwaambia, nadhani hata hakuliwaza. Ukishazoea kitu namna hiyo hukioni tena.

*

Makoo ndiyo mabomba makubwa yanayotuletea hewa baridi, na upana wake lori linaweza kupita. Koo la Tatu linapita nyuma ya Mtaa wa Kisima, ninapoishi mimi. Asubuhi ileile ya Bibi Nyamizi, sufi ya kuzuia joto ilishika moto ndani yake, na milango ikajifunga yenyewe kama ilivyoundwa. Walikuwamo wasafishaji sita. Ndahani alikuwa mmoja wao.

Matika aliitwa na mlinzi aliyekimbia mpaka studio na kumwambia tu abebe kamera. Alibeba zote mbili. Alipofika alimkuta Msokwa amesimama mbele ya ukuta wa chuma, nyuma yake wenye mabomba ya povu, na wake wa wasafishaji wamezuiwa mbali na kamba.

"Ndahani yumo?" aliuliza Matika.

"Yumo, dada. Pole. Nakuomba unisikilize kwanza."

Vipimo vyote vya ndani vilikuwa vimeungua. Kugonga ukuta hakukusaidia, kwa sababu chuma chenyewe kilikuwa kinagongagonga kwa joto. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kulijaza Koo povu, moto unazimika pale pale, na kila kinachopumua mle ndani kinazimika nao. Ya pili ni kufungua mlango wa pembeni na kuwatoa watu, ila moshi wote ungemwagikia Mtaa wa Kisima, penye zahanati na wodi ya wazazi.

"Kama wako hai nafungua," alisema Msokwa. "Nitahamisha mtaa kadiri nitakavyoweza na nitafungua. Kama wameshakufa siwezi kuwavutia moshi watoto wachanga kwa ajili ya kuokoa maiti. Nifanyie haki, nitazamie."

Palikuwa na tundu la ukaguzi lenye kifuniko. Kila likifunguliwa, hewa ilikuwa inaingia na moto unashiba. Msokwa alichagua Mnyakuo kwa sababu ya haraka. Matika aliifunga kwenye mti mrefu, kifuniko kikafunguliwa, akaisukuma ndani, akabofya, akaivuta. Kifuniko kikafungwa.

Picha ilitokea kwenye kioo cha nyuma. Moto ulikuwa mbali, mwishoni mwa bomba, na mwanga wake ulikuwa hafifu kupitia moshi, lakini Mnyakuo ilikuwa imenyakua kila kitu. Watu sita wameegemea ukuta, wengine wamejilaza, vitambaa mdomoni. Kila uzi wa vitambaa ulionekana. Hapakuwa na ukungu hata kidogo.

Msokwa alivua kofia yake. Wenye povu nyuma yake nao wakavua.

"Poleni sana," alisema.

"Pole ya nini? Hii inamtoa kila mtu hivyo, mkuu. Bibi Nyamizi imemtoa hivyo leo asubuhi."

"Dada Matika, naona kwa macho yangu."

Matika hakubishana. Aliigeuza Mnyakuo, akampiga picha Msokwa mwenyewe usoni, akamgeuzia kioo. Msokwa alijiona. Alijiona na vinyweleo vya puani na jasho la mdomo wa juu, ametulia tuli, tayari kwa ukutani. Alirudi nyuma hatua moja na mkono wake ukaenda kifuani bila kumwuliza.

"Hivyo ndivyo inavyosema uongo," alisema Matika. "Nipe nafasi ya ile ya zamani."

"Hesabu ya nane tundu likiwa wazi? Unajua moto utakuja mpaka wapi?"

"Nipe mara moja tu. Ikitoka na ukungu, fungua mlango. Ikitoka safi, sitasema neno."

Msokwa alitazama upande wa zahanati, halafu akawatazama wale wanawake kwenye kamba. Alikubali, na kwa hilo simlaumu. Nina mengi ya kumlaumu lakini si hilo.

Kamera ya zamani ikafungwa kwenye mti. Matika aliulaza mti juu ya kigogo ili mikono yake isiutikise, akawasha taa, akaisukuma ndani polepole mpaka ikatulia, ndipo akaanzisha hesabu. Kule ndani ya moshi taa nyekundu ikamweka mara nane. Hewa ilivuma tunduni ikienda kuulisha moto, na mtu mmoja akawa anamwambia Msokwa afunge, afunge sasa, naye hakufunga mpaka hesabu ilipotimia.

*

Haya yanayofuata nimeyapata kwa Matika mwenyewe, naye hayasemi mara mbili.

Picha ilitoka safi.

Alifanya alivyofundishwa, yaani hakutazama sura. Msomaji wa picha anatazama kingo: ukingo wa shavu, ukingo wa bega, kope. Hapo ndipo pumzi inapojificha. Alianza na aliye kushoto, kingo zilikuwa kavu, bila ukungu. Wa pili kavu. Wa tatu alikuwa Ndahani, na mkono wake ulikataa kuisogeza lenzi ya kukuzia. Aliulazimisha. Ukingo wa bega la Ndahani ulikuwa kama uliokatwa kwa wembe. Macho yamefumbwa, kope zimelala, na kila unywele wa kope ulihesabika.

"Niambie, dada," alisema Msokwa. "Wewe ndiye unayejua."

Wakati huo, kati ya watu wote wa Manyoni, hakuna aliyeweza kumkosoa. Angesema ameona ukungu shavuni mwa mmoja, mlango ungefunguliwa. Alilifikiria hilo, hakulifikiria kwa juujuu. Alitaka kusema uongo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, ili hata kama ni maiti amtoe kwa mikono yake. Halafu zahanati ikamjia. Mwanamke aliyejifungua jana, ambaye mtoto wake alikuwa ameahidi kumpiga picha. Alijiuliza kama mdogo wake aliyekwisha kufa ana thamani ya kitoto kinachokohoa moshi, na akajichukia kwa sababu jibu lilikuja polepole.

"Wametulia," alisema.

"Wote?"

"Wote sita. Hakuna anayepumua."

Alisema kweli. Watu wa huku tunapenda kusema kwamba mkweli hulala usingizi mzuri, na mimi siku hizi nikisikia maneno hayo naondoka. Msokwa alimshika bega, akasema asante, na ilikuwa asante ya dhati. Akawapungia wenye povu.

Povu linaingia kwa mlio wa maji yanayochemka. Matika alikaa chini, mgongo ukutani, na kwa kuwa hakuwa na pa kuyaweka macho aliziweka picha mbili mapajani, ile ya Mnyakuo na ile ya zamani. Sasa kazi ya kingo ilikuwa imekwisha. Sasa alitazama sura, kama dada.

Katika picha ya kwanza Ndahani alikuwa amejilaza ubavu, helmeti kichwani, kitambaa mdomoni.

Katika picha ya pili alikuwa amekaa. Helmeti ilikuwa juu ya goti lake, kifungo cha kola kimefungwa. Mikono yote miwili ilikuwa magotini. Na si yeye peke yake. Wote sita walikuwa wamekaa, migongo imenyooka ukutani, helmeti zimevuliwa, nyuso zimeelekezwa kwenye lenzi, kama watu waliokuja studio.

Hakumbuki alipiga kelele gani. Wenye povu wanasema alilishika bomba lenyewe kwa mikono. Alichokuwa anakisema hakikueleweka mwanzoni, mpaka alipomsukumia Msokwa picha zote mbili kifuani na kusema maneno manne.

"Wamekaa ili wapigwe picha."

Msokwa alizitazama, na alielewa upesi kuliko mtu yeyote wa mahali pengine angeweza kuelewa, kwa sababu na yeye alishikwa kichwa na mama yake nyuma ya kiti. Povu lilizimwa. Mlango wa pembeni ukafunguliwa.

*

Walitolewa wawili wakiwa hai. Wanne walikuwa wameshafunikwa na povu, na Ndahani alikuwa miongoni mwao.

Moshi ulitufikia Mtaa wa Kisima kama ulivyosemwa. Tulifunga madirisha kwa mablanketi yaliyoloa, wazazi na watoto wao walihamishwa kwa machela kupitia mlango wa jikoni, na tulikohoa mpaka kesho yake. Hakufa mtu. Hata mbuzi wa jirani yangu hakufa. Nalisema kwa sababu Mamlaka ilipotoa taarifa yake ilisema uamuzi ulifanywa ili kuwalinda wakazi wa Mtaa wa Kisima, na kwamba picha zilisomwa ipasavyo na msomaji mzoefu. Mimi ndiye mkazi. Nimelindwa kwa watu wanne, na hakuna aliyekuja kuniuliza kama ningeweza kuvumilia kukohoa.

Aliyeweza kuzungumza kati ya wale wawili alikuwa Lechipya, kijana wa zamu moja na Ndahani. Matika alikwenda zahanati kumwona. Alikuwa amefungwa bandeji mpaka shingoni.

"Dada Matika," alisema, "tulikuona. Yaani, tuliona taa."

"Usiongee, pumzika."

"Ndahani alisema ni wewe. Alisema, 'Ni dada yangu huyo, taa yake naijua. Kaeni vizuri.' Mzee Chiloli alitaka kupunga mkono, Ndahani akamkataza. Akasema, 'Ukipunga hutaonekana, watadhani tuko watano. Tulieni wote watuone wote.' Macho yalikuwa yanachoma, akatuambia tufumbe, tushike pumzi, atahesabu yeye." Alivuta hewa kwa shida. "Alihesabu vizuri. Mpaka nane. Hakuna aliyetikisika, dada, nakuapia. Hata mimi sikutikisika."

"Najua," alisema Matika.

"Picha ilikuwa nzuri?"

Matika alimwambia ilikuwa nzuri.

*

Wale wanne walipelekwa nje ya Paa kabla ya jua kukaza. Povu linaharibu uso, kwa hiyo hapakuwa na picha ya mwisho ya kupiga, na familia zilijua. Zilikuja studio moja moja, zikisema kwa haya, kama watu wanaoomba kitu kikubwa mno. Wamesikia iko picha. Wamesikia wametoka safi, wote pamoja, na wamekaa kwa heshima. Je, Matika hawezi kumkata Mzee Chiloli peke yake, awekwe ukutani?

Aliwakatia. Angewaambia nini? Mke wa Mzee Chiloli aliibusu ile picha na kusema kweli mume wake amepumzika.

Wa mwisho kuja alikuwa mama yake mwenyewe. Alikuja na fremu, ile ya mti mwekundu iliyokuwa na picha ya baba yao. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akangoja, na Matika akamletea Ndahani, helmeti gotini, kola imefungwa.

"Ametulia mwanangu," alisema mama. "Uso wake hauna shida. Unaona hapa? Hauna shida kabisa."

Matika alikuwa amejiapiza kunyamaza. Aliweza kwa mke wa Chiloli na aliweza kwa wengine wote.

"Mama, hapo alikuwa hai."

Mama hakuinua macho. Alipitisha kidole kwenye picha, juu ya nywele za Ndahani, mpaka kisogoni.

"Kama alikuwa hai, mbona hatikisiki?"

"Alishika pumzi. Aliiona taa yangu. Nami nikamsoma kingo, nikasema amekufa."

Mama aliilaza picha mapajani, katika ule mwanga wetu wa alfajiri isiyokwisha. Matika alisubiri alaaniwe. Alitamani alaaniwe. Badala yake mama aliigeuza mikono yake yote miwili, akaitazama viganja.

"Alikuwa anasumbua sana akiwa mdogo," alisema. "Hakutaka kabisa kutulia. Alikuwa analia, anageuka huku na huku ananitafuta, na mimi niko hapo hapo nyuma yake, ndani ya khanga. Ni mimi niliyemshika kichwa mpaka akazoea."